Mama Kafunikiwa Chungu

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mama alipokatazwa ndizi, cha kwanza nilichofanya ni kugombana na daktari. Pale hospitalini Bukoba alisoma majibu ya vipimo akasema figo za mama zimechoka, zinashindwa kuyatoa madini yaliyomo kwenye ndizi na maharage, na yakizidi mwilini moyo unaweza kusimama ghafla. "Daktari," nikamwambia, "huyu ni Mhaya wa Ijumbi. Ukimkataza ndizi umemkataza chakula." Akajibu kwamba anajua, hata yeye ni Mhaya, kwao Kamachumu.

Nyumba yetu imo katikati ya kibanja, shamba letu la migomba. Ukifungua dirisha la jikoni, mkungu unakuchungulia. Tunaishi wanne: mama, mimi, na binti zangu wawili. Tangu nizaliwe chakula cha jioni ni kilekile, ndizi na maharage chungu kimoja, kinapakuliwa juu ya jani la mgomba na wote tunalizunguka mkekani. Nani atakula nini halijawahi kuwa swali.

Nikaanza na wali. Wali wa mama kwenye sahani, sisi na jani letu. Mama akaisukuma sahani kwa wajukuu, akanyoosha mkono kwenye jani. "Sahani ni ya mgeni," akasema. "Kwani mimi mgeni hapa?" Basi nikaamua wote tule ugali na samaki, tusimtenge. Aliutazama ule ugali, akaniuliza kama kuna njaa imeingia na yeye hajaambiwa. Watoto wakacheka, na mimi nikacheka, lakini alikula matonge mawili tu akanawa. Muuguzi mmoja akanielekeza: kata ndizi vipande vidogo, loweka, chemsha, mwaga maji, chemsha tena, umpe kidogo. Jumamosi nzima ikaishia hapo. Mama akaonja kipande kimoja.

"Mwanangu, ndizi hii umeiogesha kama maiti."

Loo! Nilibwaga mwiko, nikatoka nje nikalia kwa hasira.

Tukabaki na ugali. Wiki zikapita, anakula kidogo ila halalamiki, nami nikaanza kujisifu moyoni. Tuliporudi Bukoba, majibu yalikuwa mabaya kuliko ya mwanzo. Miguu yake ilikuwa imevimba. Daktari hakumuuliza yeye, aliniuliza mimi, huyu mama anakula nini nyumbani. Haki ya Mungu, nikamjibu, ni ugali na samaki tu.

Jibu la kweli nililipata siku moja nilipotoka mapema kuliko kawaida shuleni ninakofundisha. Nilipita kwa jirani yetu, rafiki wa mama tangu wote wawili wakiwa maharusi. Mlango ulikuwa wazi. Mama yangu alikuwa mkekani, jani mbele yake, vidole vimejaa mchuzi wa maharage, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Nyumbani kwangu alikuwa hajacheka hivyo kwa miezi. Nikapita kama sikuona.

Sikio la kufa halisikii dawa, nilijisemea njia nzima, basi na afe! Nilipofika nyumbani nikaogopa maneno yangu mwenyewe.

Jumapili mama akiwa kanisani, nilikwenda kwa yule rafiki yake nikapiga magoti. Nikamweleza habari za figo. Nikamwomba asimpe mama chakula tena. Kutoka hapo nikaenda nyumba mbili nyingine anakopenda kushinda. Hebu fikiria, mtoto wa kuzaa anapita nyumba kwa nyumba kuomba mama yake anyimwe chakula! Yule rafiki alinishika mikono yote miwili.

"Waitu, mwanangu, mtu akitukuta tunakula, anakula. Unataka nimfunikie chungu mama yako?"

"Ndiyo, mama. Mfunikie. Na usimwambie kwamba nimekuja."

Siku ya tatu mama alirudi nyumbani jua bado liko juu. Tulipokaa kula hakusema neno. Alivuta ugali, akala tonge baada ya tonge mpaka sehemu yake ikaisha. "Bibi kamaliza!" mjukuu wake mdogo akapiga kelele. Ndilo nililokuwa nikiliomba miezi yote hiyo, na nikashindwa kumtazama usoni.

"Leo nimefika kwa mwenzangu," mama akasema, "akafunika chungu. Nimeshasimama mlangoni, ananiona. Ati bado hakijaiva. Nilisikia harufu, kilikuwa kimeiva."

Nikasubiri aniulize, na nilikuwa nimejiandaa kusema yote.

"Watakuwa na shida wale," akasema. "Mtu hafuniki chungu hivihivi. Kesho kata ule mkungu wa nyuma ya jiko umpelekee. Usimwambie kwamba nimesema kitu, ataona aibu."

"Sawa, Mae," nikamjibu mama.

Asubuhi nikaukata, nikajitwika. Jirani alikuwa anafagia uwanja. Aliponiona na ule mkungu aliuliza umetoka kwa nani, kisha akaelewa kabla sijajibu, akaketi kizingitini na ufagio mkononi. Nilibaki nimesimama mbele yake, mkungu kichwani, na hakuna aliyenitua.