Nilisema Meneja Ni wa Kuliwa

Ilikuwa Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, tumetoka kanisani. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilisema maneno mawili tu, na maneno hayo karibu yaue kiumbe ninayempenda.

Mimi ni mwoga wa watu. Hata mwalimu akiita jina langu darasani, nakohoa badala ya kuitika. Sisi ni Wakenya, tunapanga chumba hapa Katwe, nchi ya watu, na Mama anauza mabeseni soko la Kikuubo.

Rafiki yangu alipohama aliniachia hamsta wake. Ni kama panya mdogo mnene, mkia haupo wa kuzungumzia. Nilimwita Meneja kwa sababu analala mchana kutwa na mashavu yake yamejaa. Fundi mmoja wa vyuma alimtengenezea kizimba cha waya chenye gurudumu la kukimbilia.

Sasa hiyo Jumapili, jirani yetu Mama Zawadi akainama kwenye kizimba. Yeye ni Mkongo, anafuga dende nyuma ya chumba chake. Dende ni wale simbilisi, kama panya wakubwa wasio na mkia. Kwao wanaliwa, tena watamu.

"Mutoto wangu, hii munafuga ya nini?"

Wanawake waliokuwa wakisukana uani wote walinigeukia. Banange! Niseme nampenda panya?

"Ya kula," nikasema.

Alifurahi kama amepata ndugu! "Eeh! Kumbe Wakenya nanyi munajua! Lakini iko kadogo. Tutainenepesha."

Basi kila jioni, wiki baada ya wiki, watu wakaleta: karanga, ndizi mbivu, mihogo, siku moja hata chipsi. Meneja hajui kukataa. Kila kitu anakisukuma mashavuni, na wao wanashangilia. "Tazameni shavu! Hilo tu linatosha mtu muzima!"

Kisha Mama Zawadi akang'oa gurudumu. "Nani anakimbiza nyama? Itakuwa ngumu."

Mimi nikamshikia kizimba.

Akamletea dende jike ili asile peke yake. Hamsta hakai na mwenzake, na mimi nilijua! Meneja akapiga kelele kama filimbi, akamng'ata dende pua. Dende akatolewa analia, mimi nikaambiwa nyama yangu ina tabia mbaya.

Mwisho Meneja alikuwa akihema kwa kuvuka kizimba tu. Tumbo linaburuta chini. Na bado sikusema!

Jumamosi moja jioni Mama Zawadi akaja na habari. "Kesho tunabatiza mujukuu wangu. Kila nyumba inaleta chakula. Nyinyi musijisumbue, muko na ile yenu." Akamtomasa Meneja mgongoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilimkimbilia Mama, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha ghafla.

"Unafikiri karanga za yule mama zinaokotwa? Ana watoto wanne mle ndani. Kesho utamwambia wewe, si mimi."

Uwii! Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Nilikuwa nikimlilia Meneja, kumbe tumewalia wale watoto chakula chao.

Jamani, ukifuga mnyama kwa kumpenda, sema unampenda. Watacheka, wacha wacheke. Aibu ni yako, usimtwike mnyama asiyejua hata anasemwa nini.

Asubuhi nilitoka na kizimba mikononi na gauni la kanisani mwilini. Wanawake walikuwa wakimenya matoke.

"Mama Zawadi, nilidanganya. Huyu haliwi. Nampenda." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, mpaka mtu chooni akauliza, "Nani anapendwa?"

Mama Zawadi alimtazama Meneja, akanitazama mimi.

"Karanga zangu zote," akasema polepole, "zimeingia kwa bwana yako?"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na gurudumu, akaliweka miguuni pangu.

"Mukimbize, atakufa na mafuta. Na wewe utakatia dende yangu majani mupaka niseme basi."

"Ndiyo, Mama."

Nikachukua kisu na gunia, nikaenda kukata majani kando ya mtaro na gauni langu lile lile.

"Bibi Meneja!" wakaniita kwa nyuma.

Nikaitika. Sikukohoa.