Wimbo Ulioambiwa Hauna Mwenyewe

Siku isiyonitoka moyoni, mwanangu, ni ile alipokuja afisa wa haki za watunzi katika ukumbi wa harusi pale Mapinga. Nilikuwa bado binti, kazi yangu kuitikia nyuma ya wakubwa katika kikundi chetu cha taarabu. Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kuyasimulia haya, ingawa kuyasimulia hakujawa kwepesi.

Afisa yule alikuja kwa adabu. Alieleza kwamba ukumbi unaopiga nyimbo mbele ya watu sharti ukate leseni, na kwamba sehemu ya ada ile huwafikia waliozitunga. Mwenye ukumbi, Bwana Karim, hakubisha. Alimgeukia Bi Zuhura, kiongozi wetu, ili amtajie watunzi. Bi Zuhura akataja mmoja mmoja, mpaka tukafika kwenye wimbo ambao bila huo hakuna bi harusi aliyetolewa ukumbini, ule wa mama anayemuaga binti yake.

"Huo wa asili," akasema. "Hauna mwenyewe."

Bwana Karim akacheka. "Bi Zuhura, hata kuku wa barabarani ana mwenyewe. Mgonge tu, utamwona anavyotokea."

"Wa wazee wetu huo, Bwana Karim. Mwandikie hivyo."

Na ikaandikwa hivyo. Mimi nilitazama chini, maana mwenye wimbo alikuwa hai, Mlingotini, akisuka ukili barazani kwake. Jina lake Bi Rukia. Aliutunga kwa ajili ya harusi ya binti yake wa pekee, na binti yule hakumaliza mwaka, alifariki akijifungua. Mume wa Bi Rukia, mtu mkali wa dini, alikubali wimbo uimbwe kwa sharti moja, kwamba jina la mkewe lisisikike kumbini. Bi Zuhura akampa ahadi. Sisi tukaiita sitara, na tukaiona ni heshima. Mume alipofariki, tuliendelea vilevile. Hakuna aliyefikiri kurudi kuuliza.

Nilikwenda kumwamkia Bi Rukia kesho yake, nikamweleza yaliyosemwa. Hakuacha kusuka.

"Wa asili," akarudia. "Basi mimi nimeshakuwa mzimu, mwanangu?"

Nikakaa mkekani karibu naye.

"Mume wangu nimemkalia eda, nimetoka. Niliyenyamaza kwa ajili yake hayupo. Mbona hakuna aliyenijia akasema, Rukia, sasa tukutaje? Kila Jumamosi mabinti wa watu wanatolewa kwa wimbo wa binti yangu. Fedha yao sina haja nayo sana. Nataka nikae ukumbini siku moja, nisikie imesemwa kwamba wimbo huu mama yake fulani aliutunga. Kisha nirudi kwangu nikalale."

Nilimpelekea Bwana Karim habari. Alisikitika, akamuuliza afisa. Jibu likawa kwamba lazima apatikane mtu aliyekuwapo wimbo ulipotungwa, naye aseme kwa kinywa chake. Waliokuwapo walikwisha kufa wote isipokuwa Bi Zuhura. Bwana Karim, kwa huruma yake, akaniambia, "Si useme wewe ulikuwapo? Nani atajua?"

Nilimfikishia Bi Rukia ushauri ule. Akanishika mkono.

"Mungu atajua. Usinibebee ushahidi wa uongo, mwanangu. Haki yangu siitaki kwa dhambi yako."

Ndipo nilipokwenda kwa Ustadh Salim, aliyenifundisha Kurani utotoni. Alimwita Bi Zuhura, wakakaa sebuleni kwake, nami mlangoni nikisikia.

"Nilimwahidi mumewe, ustadh," alisema Bi Zuhura. "Na ahadi ni deni."

"Deni hulipwa kwa mali yako, Zuhura, halilipwi kwa haki ya mwenzio. Na hiyo sitara unayoitaja, sitara ni kufunika aibu ya mtu. Mama kumuaga binti yake kuna aibu gani?"

Bi Zuhura akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu; usimhukumu. Alikuwa ameshika amana bila kutazama imegeuka kuwa nini mkononi mwake.

"Nitakwenda kwa yule afisa kusema," akasema. "Ila wiki hii tuna harusi Zinga. Jumatatu, ofisi ikifunguliwa. Rukia yupo, haendi popote."

Ngojangoja huumiza matumbo. Jumamosi tuliimba Zinga, na wimbo ule ukapigwa, na jina halikutajwa, kwa kuwa tulisema Jumatatu. Jumapili, kabla ya adhana ya alfajiri, Bi Rukia alifariki. Tulimzika baada ya adhuhuri, karibu na binti yake. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Jumatatu Bi Zuhura alikwenda, macho yamevimba, akasema kweli yote. Jina likaandikwa. Fungu la marehemu hupokelewa na warithi wa mbali, ambao hata sauti yake hawakuijua. Na pale Mapinga, hadi leo, mshereheshaji hulitaja jina lake kabla ya bi harusi kutolewa. Watu hawasikilizi sana. Wengine wanatafuna, wengine wanapiga picha. Mimi hukaa nikaitazama milango, kama kwamba yupo mtu anayechelewa.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alitunzwa akiwa udongoni.

Basi sikia, mwanangu. Ukiwa na ukumbi, lipa ada ya nyimbo kwa moyo mweupe, kisha uliza kila wimbo ni wa nani, na usitosheke na jibu jepesi. Ukiwa mwimbaji, mtaje aliyekupa maneno kabla hujapokea tuzo. Ukitunga, jisajili wangali hai waliokuona ukitunga, maana kuona haya kwako hakutakutolea ushahidi. Na ukipewa siri ya mtu, mrudie mara kwa mara umuulize kama bado anaihitaji. Watu hubadilika, nasi tunabaki tumeshikilia neno lao la zamani, tukidhani ndio uaminifu.

Mola akujaalie ulimi usiomeza haki ya mtu, na miguu myepesi ya kuifikisha haki kwa mwenyewe angali anasikia. Amrehemu Bi Rukia na binti yake, awakutanishe penye furaha isiyo na kuagana. Amina.