Nafasi ya Tatu Kwenye Kibao

Fundi wa vibao vya mababu alipouliza aache nafasi ngapi tupu kwa ajili ya watakaofuata, Chin-hok alijibu bila hata kuinua macho kwenye kikombe chake cha chai.

"Mbili. Yangu na ya mama Bun-liong."

Dada yake mkubwa, Pik-ha, alikuwa ameketi palepale barazani akimenya machipukizi ya mianzi kwa ajili ya supu. Kisu kikasimama.

"Na yangu je?"

Hakuuliza kwa hasira. Waliomfahamu Yu Pik-ha walijua kwamba alizaliwa na swali mdomoni, na kwamba hata pale alipokasirika, swali ndilo lililotangulia. Fundi akakohoa, akakunja kipimo chake. Chin-hok akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga kinyesi cha bata mbele ya wageni.

"Dada nawe! Wewe tutakupeleka hekaluni. Kuna ukumbi mzuri kabisa wa akina mama wasioolewa. Masista wanawasomea sala asubuhi na jioni. Kuna na kiyoyozi."

"Nikishakufa kiyoyozi cha nini?"

"Mimi nitafanyaje? Ndiyo desturi. Meza ya wazee haiwekwi shangazi. Binti ni maji ya kumwagwa, wamesema tangu zamani."

"Aliyeolewa ndiye aliyemwagwa. Mimi bado nimo ndooni."

Yote haya yaliletwa na mchwa. Mvua ya mkoa wao wa Yilan haina adabu, inanyesha mpaka kuta zinaota ukungu, na mwaka ule mchwa walipanda kutoka sakafuni wakala kibao cha mababu wa ukoo wa Yu mpaka majina yakabaki unga. Ikabidi kichongwe kipya. Na kibao kipya hakichongwi kwa ajili ya wafu peke yao, kwa sababu walio hai nao wako njiani.

Msomaji asiyeijua desturi ile atasema ni ugomvi juu ya kipande cha ubao. Sivyo. Wafu wa huko wanakula. Siku zao zikifika wanaitwa kwa majina, wanawashiwa udi, wanaandaliwa wali na nyama, na asiye na jina mezani haitwi. Mwanamke huolewa, jina lake likaandikwa kwa wazee wa mumewe, na wana aliowazaa ndio wanaomwita. Asiyeolewa ataitwa na nani? Pik-ha alikuwa na miaka sitini na minane, na kifo chenyewe hakikumtisha. Lakini kufikiri kwamba atakaa ugenini akingoja wageni wamkumbuke, na ndugu yake wa tumbo moja anakula nyumbani walipozaliwa wote wawili, kulimuuma. Kulimuuma kuliko alivyotarajia.

Na mtu mwenyewe hakuwa mtu wa kuwekwa pembeni. Alikuwa binti mdogo wakati kikundi cha tamthilia ya kuimba kilipokuja kucheza mbele ya hekalu la kijiji, sikukuu ya mungu wa pale. Baba yake, mkulima wa vitunguu vya majani, alikuwa na mabinti wengi na mchele kidogo, akamwacha aondoke nao. Katika michezo ile wanawake ndio wanaocheza wanaume, tena wanaume wakubwa: majenerali, wafalme, wasomi waliofaulu mitihani ya ikulu. Mwalimu wa kikundi akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Sura ndefu, sauti nzito. Wewe utakuwa mwanamume," akasema. "Nenda sokoni kawatazame. Usirudi mpaka ujue wanafanyaje."

Pik-ha akaenda, akatazama. Alikaa kwa muuza samaki, akakaa nje ya kinyozi, akawafuata wazee mpaka kwenye meza zao za kete. Mwanzoni aliangalia ndevu na mabega. Baadaye akagundua kwamba siri haikuwa huko. Mwanamume akiketi, hutandaza miguu kama anayeanika mpunga. Akisema, haangalii kwanza nani amenuna. Akiingia mahali, hatafuti pa kujibana. Husimama tu, na wengine ndio wanaotafuta pao. Mengine yote, yale ya ndevu na nyusi, ni gundi na rangi.

Siku moja akaona ajaribu. Akiwa amevaa gauni lake la maua na kapu mkononi, alipita kwenye kichochoro cha soko kwa mwendo wa jenerali, polepole, kifua mbele, bila kumpisha mtu. Watu wakampisha. Mchukuzi mwenye gunia la mchele begani akabana ukutani, akasema samahani. Pik-ha alifika mwisho wa kichochoro akageuka kutazama nyuma, maana hakuamini. Alirudia siku iliyofuata, na iliyofuata tena, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Basi akawa mwanamume wa jukwaani, na mwanamume hodari. Jenerali wake alipopiga goti kumwomba mkewe radhi, wanawake walilia mpaka vitambaa vikaloa. Walimletea maandazi ya mchele, bata wa kukaushwa kwa moshi, soksi za kufuma. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliwahi kusimama katikati ya mchezo akamgeukia mumewe mbele ya kijiji kizima: "Umeona? Umeona mwanamume anavyoomba msamaha?" Yule bwana akasema kwa unyonge, "Lakini yule si mwanamke?" Mkewe akamjibu, "Ndiyo, na amekushinda."

Alitokea pia mwenye mashine ya kukoboa mpunga aliyetaka kumwoa. Alikuja kila onyesho, akakaa mbele. Sharti lake moja tu, aache jukwaa na apunguze ule mwendo. Pik-ha akamuuliza, "Unampenda jenerali au unanipenda mimi?" Bwana akafikiri mpaka chai ikapoa. Wakaachana bila uchungu. Watu walimhurumia Pik-ha kwa jambo ambalo lilimchekesha yeye mwenyewe.

Ndiyo maana neno lile la desturi halikumtosha. Alivaa viatu vyake vya mpira, akachukua mwavuli, akaenda kuuliza. Alianza kwa baba mdogo, mkongwe wa ukoo.

"Nani aliweka sheria hii?"

"Niliikuta nilipozaliwa."

"Aliyekutangulia je?"

"Naye aliikuta. Mwanangu, mambo mengine yanakutwa tu."

Akaenda kwa kasisi wa matambiko, aliyekuwa akikarabati pikipiki yake. "Sisi tunasoma yaliyoandikwa," kasisi akasema, akipangusa mafuta mikononi. "Hilo silijui limeandikwa wapi. Waulize wenyewe." Akaenda na kwa masista wa hekaluni, wakampokea vizuri, wakamwonyesha ukumbi wao. Ulikuwa safi kweli, na wafu wake walikuwa wamepangwa kama wanafunzi wa bweni. Hakumjua hata mmoja.

Akarudi kwa mdogo wake.

"Hok, hivi katika ukoo huu kuna aliyewahi kuwauliza wazee?"

"Jambo linalojulikana linaulizwaje?"

"Linajulikana na nani? Nimezunguka siku nzima natafuta anayelijua."

Chin-hok alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake, na kila alipocheza karibu alikwenda kumtazama. Kabla ya mchezo, waigizaji huvaa kama wakazi wa mbinguni na kuleta baraka, na Pik-ha, akiwa amevaa ndevu nyeupe na kofia ya afisa wa mbinguni, hurushia watu peremende za heri. Chin-hok aliwasukuma vikongwe apate za kumlisha mwanawe Bun-liong kabla ya mitihani. Lakini jukwaa ni jukwaa na meza ya wazee ni meza ya wazee. Aliogopa majirani, aliogopa nuksi, aliogopa kuwa wa kwanza. Hata hivyo akakubali kuuliza siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba yao. Alikubali kwa sababu alikuwa na hakika ya jibu.

Siku ilipofika, mkewe Sui-tiok aliamka alfajiri kupika kama alivyopika kila mwaka. Meza ikajaa bata mzima, samaki, nyama ya nguruwe iliyochemshwa kwa mchuzi wa soya, tambi, keki za mchele na vikombe vya pombe. Udi ukawashwa. Chin-hok akapiga magoti akiwa na vile vipande viwili vya mianzi vya kuulizia, vilivyopinda kama korosho, bapa upande mmoja na vimebinuka upande wa pili. Vikianguka kimoja bapa juu na kingine mbinuko juu, wazee wamekubali. Mibinuko yote juu, wamekataa. Bapa zote juu, wanacheka. Na jambo kubwa halikubaliki mpaka wakubali mara tatu mfululizo.

Akanong'ona, akarusha. Mibinuko yote miwili ikatazama dari.

"Umeona, dada," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeona."

Pik-ha akageuka. "Si kitu. Angalau wameulizwa." Akaanza kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Ndipo Sui-tiok alipotoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni.

"Baba Bun-liong, sogea."

"Unataka nini?"

"Na mimi nina swali."

Akapiga magoti, akavichukua vile vipande. Hakunong'ona.

"Wazee, mimi ni Lai Sui-tiok, yule ambaye chakula chake mnakila. Niliingia nyumba hii msichana, simjui hata mmoja wenu. Wifi yangu amezaliwa kwenye chumba kile pale. Kama yeye hana nafasi hapa, basi mimi nimekalia kiti cha mtu. Naomba ruhusa. Nikifa niende naye hekaluni, kwenye kiyoyozi."

"Wewe mwanamke una wazimu?"

Akarusha. Kimoja bapa, kimoja mbinuko. Wamekubali.

"Wifi, acha," akasema Pik-ha.

"Siachi." Akarusha tena. Wamekubali tena. Akanyoosha mkono kuviokota kwa mara ya tatu, lakini Chin-hok akamwahi, akavinyakua, akarudi nyuma mpaka kwenye kabati.

"Vilete."

"Sileti."

"Ni swali langu, vilete!"

"Yaani utaniacha peke yangu na baba?" Sauti yake ilipasuka. "Unamjua mzee alivyo! Hasemi! Mtu haongei naye hata neno moja, na ni milele!"

"Utazoea," akasema Sui-tiok. "Mimi nilizoea."

Pik-ha akamtazama mdogo wake. Miaka yote ile aliyotazama wanaume sokoni, hakuwahi kumwona mmoja akiwa hivi: amejibana kwenye kona ya nyumba yake mwenyewe, mabega yameanguka, hajui asimame wapi. Alimwonea huruma, na hata katika huruma ile alitaka kujua atafanya nini.

Chin-hok alirudi mbele ya meza, akapiga magoti.

"Baba. Wazee. Mara ya kwanza niliuliza kwa mdomo, na moyoni nilikuwa nawaomba mkatae. Niliogopa watu. Sasa nauliza kweli. Dada yangu akae hapa nasi."

Akarusha. Wamekataa. Akarusha tena, bapa mbili, wanacheka. Akarusha tena, wamekataa.

Akasimama. Akamshika bata kwa mikono miwili, akamwondoa mezani.

"We!" Sui-tiok akapiga kelele. "Utalaaniwa!"

"Nilaaniwe." Kwapani mwake alimbana bata mzima, mafuta yakimchuruzika kwenye shati la sherehe. Kwa mkono wa pili akasogeza samaki, nyama, vikombe vya pombe, mpaka mbele ya wazee ukabaki ubao mtupu wa meza. "Hapa hapaliwi. Wala mimi sili, wala nyinyi hamli, mpaka dada yangu apate nafasi yake."

Akarusha kwa mkono mmoja. Kimoja bapa, kimoja mbinuko. Akarusha. Wamekubali. Mara ya tatu kipande kimoja kilitua, na kingine kikabiringika chini ya meza, na wote watatu wakajikuta wamelala kifudifudi sakafuni, vichwa vimegongana, kukitafuta. Kilikuwa kimeegemea mguu wa meza. Kikayumba, kikaanguka chali, bapa juu. Kile cha kwanza kilikuwa mbinuko.

Chin-hok alikuwa akilia waziwazi, bata bado yuko kwapani.

"Mrudishe basi," akasema Pik-ha, naye sauti haikuwa imetulia. "Kumbe hata wazee wanaogopa njaa."