Fungu la Aliye Safarini

Mwaka ule, kabla ya vita vya Wazungu, Idi ya kuchinja ilimkuta mume wangu Kiunga, alikokwenda kukata boriti. Tulichinja mbuzi nyumbani kwetu Langoni, na mama mkwe wangu akatenga fungu la mwanawe kabla hajampa mtu yeyote hata mfupa.

"Hini ni yake," akaniambia. "Akiya, naikute."

Kwao, fungu la aliye safarini haliliwi na mwingine. Likikaa salama, naye yu salama. Likioza, watu huanza kuulizana habari zake. Mimi nilikuwa na miezi mitano tu ya ndoa na nilimpenda mume wangu, kwa hiyo niliamini.

Kulihifadhi ikawa kazi yangu. Nilikata nyama mikanda myembamba, nikatwanga kitunguu thomu kwa chumvi, nikaipaka kila upande mpaka viganja vikaniwasha, kisha nikaianika juu ya nyumba. Kila Ijumaa niliipaka thomu upya, mama mkwe akinisimamia kama mtoza ushuru. Huchukua mkanda mmoja, akaunusa, akanipa nami niunuse.

"Haina neno," husema. "Mume wako mzima."

Nami humshukuru Mungu, kisha huenda kujifukiza udi. Harufu ya thomu haikutoka mikononi. Nikawa nacheka peke yangu kwamba mume wangu akirudi atalala barazani.

Ijumaa ya tatu, baada ya sala, alikuja mtu kutoka Kiunga. Alikataa kuketi. Alisema homa ilimshika mume wangu ghafla, akafa siku ya tatu ya Idi, wakamzika huko huko.

Siku ya tatu ya Idi nilikuwa juu ya nyumba nikifukuza kunguru. Ijumaa zote tulizonusa na kushukuru, alikuwa kaburini. Hilo nililielewa vizuri kabisa, wala sikuhisi kitu.

Nikakaa eda. Wanawake walikuja kunipa pole, wakanitazama machoni wakingoja chozi, wakaondoka bila kuliona. Najua walinisema. Mwanamke wa eda hajitii manukato: udi marufuku, asumini marufuku, marashi marufuku. Basi thomu ikabaki mikononi mwangu, na nikinyanyua kikombe cha kahawa naisikia. Hata hiyo haikunichukiza.

Asubuhi ya khitma mama mkwe alimwambia mtumishi ile nyama ikatupwe baharini. Hakutaka kuiona tena. Ndipo niliposema neno langu la kwanza siku hiyo.

"Mama, ipikwe."

"Nyama ile? Wewe una wazimu?"

"Ipikwe. Nitaila mimi."

Alinitazama, kisha akaingia jikoni akaipika mwenyewe kwa tui la nazi. Akaniwekea sahani mbele yangu, akageukia ukutani.

Nilitaka iwe imeoza. Niliinusa kipande kwa kipande, nikitafuta uvundo hata kidogo tu, nimwonyeshe, tujue kuwa kuna kitu kilitwambia kweli tukashindwa kusikia. Sikuupata. Nyama ilikuwa nzuri, chumvi yake sawasawa.

Nikala fungu lake lote, nikanawa mikono.