Siku Mgombea Alipoziba Bomba la Shangazi

Shangazi yangu hushona mapazia. Ameshonea nyumba za maharusi, ofisi, zahanati, hata jukwaa la shule, na ukiingia sebuleni kwake unapita ubavu ubavu kati ya marobota ya vitambaa kabla hujalifikia kochi. Ni mjane, mnene kiasi, na ana tatizo moja ambalo ukoo mzima unalijua: akipata hofu, hucheka. Si kwamba anapenda. Siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama amekubali, alicheka mpaka bwana harusi akaanza kujikagua vifungo. Alipokuwa akijifungua, wakunga walidhani kuna mtu amempa dawa isiyo yake.

Jumamosi alasiri sebule ile hugeuka bunge. Wajumbe ni marafiki zake wawili wa tangu usichana. Kuna Nesi, muuguzi mstaafu, mtu wa chama tawala damu damu. Hata mwavuli wake una rangi za chama. Na kuna Spika, mpishi wa shule, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya sauti yake, maana akikohoa tu bwalo zima linanyamaza. Spika ni wa upinzani tangu alipoanza kupiga kura, na hajawahi kumpigia mtu akashinda. Shangazi mwenyewe hana chama. Yeye hushona, pini mdomoni, akimchokoza huyu leo na yule kesho ili mjadala usipoe.

Jumamosi ninayoisimulia, uchaguzi ulikuwa umekaribia. Mimi nilikuwa nimekuja kumsaidia kupiga pasi mapazia ya mteja aliyekuwa na haraka. Wajumbe walianza na siasa, wakahamia kwenye goti la Nesi, wakampitia mkwe wa Spika ambaye anachambua kitunguu kwenye mchuzi kipande kwa kipande, halafu wakarudi kwenye siasa. Nesi alikuwa akimsifia mgombea udiwani wa chama chake, aliyeahidi mkutanoni kwamba kila nyumba itapata maji. Spika akasema ahadi hiyo ameisikia tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi. Shangazi akawaacha wakibishana, akaenda jikoni kuosha vikombe.

Tukasikia mlio kama wa chupa ya soda inayofunguliwa, kisha kicheko.

Tulipofika, kichwa cha bomba kilikuwa kimechomoka na maji yalikuwa yakipiga dari na kutunyeshea. Shangazi alikuwa ameziba tundu kwa viganja vyote viwili, amelowa chapachapa, anacheka. Kila akicheka mikono inalegea, ikilegea anaoga upya, na akioga anazidi kucheka. Nesi alikuja mbio na taulo, akateleza, akakaa kitako kwenye maji. Kwa ule utulivu wa kazi yake ya zamani akatutangazia kwamba hakuna kilichovunjika ila asiguswe kwanza, na hapo hapo akabaki. Spika akamsukuma Shangazi pembeni, akaziba yeye. Mimi nikakumbuka pasi, nikakimbia kuichomoa.

Swali likawa koki kubwa iko wapi, ile inayofunga maji ya nyumba nzima. Shangazi alijua, lakini kulitoa jibu ndani ya kicheko kile ilikuwa kazi. Mwishowe tukamwelewa: iko uani, chini ya pipa. Nalo pipa lilikuwa limejaa pomoni, kwa kuwa ndimo anamoweka akiba ya maji kwa zile siku bomba linapokauka.

Nilikuwa natoka mbio kwenda uani, sketi imenigandia miguuni, nikasikia hodi mlangoni. Alikuwa mgombea mwenyewe, akipita nyumba kwa nyumba na wapambe wake wawili na bunda la vipeperushi. Shati lake lilikuwa jeupe, limenyooshwa hadi mikono ina ncha. Nikamwambia aingie upesi, tulikuwa tunamhitaji sana. Masikini, alifikiri ni mapenzi ya wapiga kura.

Wapambe nikaondoka nao kwenda kwenye pipa. Yaliyotokea jikoni nilisimuliwa baadaye na wale watatu, na ni mara ya kwanza katika maisha yao simulizi zao kulingana.

Mkono wa Spika ulikuwa umeshakufa ganzi. Aliona tu mwanamume mwenye viganja vipana.

"Mwanangu, shika hapa," akamwambia.

Naye akashika, kama ambavyo angeshika mtoto yeyote aliyelelewa na mama. Ndipo Spika alipoinua macho akaiona sura ya kwenye mabango. Nesi anasema hajawahi kumwona rafiki yake akipendeza vile. Alivuta kigoda, akaketi, akakunja mikono.

"Mheshimiwa, ulituahidi maji," akasema. "Yamefika. Sasa tuongee mengine."

Mgombea hakuwa na pa kwenda. Akiachia, nyumba inaelea. Spika akamuuliza kuhusu vyoo vya shule, naye akajibu kwa yale maneno ya mkutanoni, maendeleo na mshikamano, huku maji yakimpanda ndani ya mkono wa shati hadi kwapani. Shangazi alikuwa amejibanza kwenye kabati, machozi yanamtoka kwa kucheka. Nesi alivumilia kwa ajili ya chama, mwisho akashindwa. Akiwa bado amekaa chini, akamuuliza kuhusu mtaro ulio nyuma ya zahanati, ule unaofurika kila msimu wa mvua hadi wajawazito wanabebwa mgongoni. Atauzibua lini?

Kijana akageuza shingo kumtazama, viganja bado viko kwenye tundu.

"Mama, kusema kweli sijui," akasema. "Sijawahi kwenda kuuona."

Shangazi akaacha kucheka.

Sisi huku uani tulikuwa tumelikumbatia pipa pande tatu. Tulilisukuma kidogo likasogea, tukalisukuma zaidi likaamua kuanguka. Viatu vya wapambe, vile vilivyochongoka walivyokuwa wamevivua visilowe, vilikwenda na mafuriko mpaka kwenye kamba ya nguo, na vipeperushi vikavifuata. Lakini koki sasa ilikuwa wazi. Nikaikaza kwa mikono miwili mpaka ikafunga.

Mgombea hakuweza kurudi barabarani akiwa vile. Shangazi alitafuta kitu kikavu nyumbani mwake akakosa, isipokuwa pazia la mteja, la maua makubwa ya zambarau, ambalo nilikuwa nimeshalipiga pasi. Akamfunga nalo kifuani, akamwekea pini mbili, akamzungusha kumkagua kama anavyokagua kazi yake. Wakamaliza mtaa hivyo, wapambe pekupeku nyuma yake. Watu walitoka majumbani bila kuitwa.

Uchaguzi ulipofika alishindwa, ila kwa kura chache. Udiwani ukachukuliwa na upinzani, na Jumamosi iliyofuata tulijiandaa kwa majigambo ya Spika. Akaja mnyonge, akanywa chai yote bila kuutaja uchaguzi. Shangazi alipombana, akakiri kwamba kura yake alimpa yule kijana. Alisema katika miaka yake yote ya kuuliza wanasiasa maswali, lile ndilo jibu la kwanza alilolielewa.

Nesi akaweka kikombe chini polepole. Akasema yeye aliupigia upinzani, kwa sababu hawezi kumchagua mtu asiyeujua mtaro wa zahanati.

Spika akamwambia kwamba maisha yake yote hajawahi kumpigia mtu akashinda, na mwaka huu chama chake kimeingia kwa kura ya Nesi. Nesi akamjibu kwamba afadhali asilitangaze hilo kwa sauti ile, maana mwavuli wake bado mpya.

Shangazi alitema pini zote, akalalia cherehani akicheka, na safari hii hapakuwa na hofu yoyote. Tulipomuuliza yeye alimpigia nani, akasema kura ni siri, akaniambia nitie uzi sindano.