Zafarani ya Mfukoni mwa Ganjatun

Mke wangu Ganjatun alikuwa na mfuko mbele ya gauni, kama wanawake wetu wote wa huku Makrani. Mfuko mrefu, wa tarizi, kutoka kiunoni hadi magotini. Wengine huweka humo leso na funguo. Yeye aliweka duka zima. Alipokufa, wanawake waliomwosha walinikabidhi gauni limekunjwa. Nikatia mkono. Nikatoa ufunguo wa sanduku, jozi tatu za kula, sindano, jino langu la juu ambalo aliniambia amelitupa mwaka wa mafuriko, na kikopo cha zafarani.

Kikopo hicho sikuwahi kukishika kwa miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Nikikisogelea alinipiga mwiko. Si kwa mzaha, kwa nguvu.

Halwa yake ya tende ilijulikana mtaa mzima hapa mjini Turbat. Unga wa ngano unakaangwa kwa samli mpaka unukie. Tende za Panjgur zinatolewa kokwa, zinapondwa humo humo. Kisha lozi, jozi, zabibu kavu, na aprikoti kavu zilizokatwakatwa. Mwisho maji ya zafarani, na iliki chembe tu. Na mwiko hausimami. Ukisimama, tende hushika chini, na sufuria nzima inanuka moshi. Hilo ndilo pekee alilonifundisha, tena kwa matusi.

Mdomo alikuwa nao. Siku moja harusini mullah, shehe wetu, alimwambia apunguze kicheko. Akamjibu, "Kicheko changu hakijaingia kwenye sahani yako, mullah. Kula." Mullah akala, akaongeza.

Mwaka ulipotimia tangu afariki, nilitaka watu wa dua ya kumkumbuka wale halwa yake, si halwa ya dukani. Jirani yetu Murwari, aliyegombana naye miaka thelathini kwa sababu ya iliki, akachungulia juu ya ukuta.

"Mzee Pirdad, nunua sokoni. Wewe hata chai unaunguza."

"Nitapika mwenyewe."

"Utamwaibisha marehemu."

"Marehemu mwenyewe hukumsifu hata siku moja."

"Usoni kwake nimsifu? Apasuke kichwa?"

Zafarani iliyobaki ilitosha sufuria moja. Ikiharibika hiyo, nyingine iliyotoka mkononi kwake haipo duniani. Nikawasha moto baada ya sala ya asubuhi, nikaanza kukoroga. Unga ukanukia. Tende zikaanza kulainika. Nikajiona fundi.

Ndipo mlango ukagongwa. Shahdost, kaka yake mkubwa Ganjatun, kutoka Panjgur, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimtarajia jioni.

Sasa kwetu mgeni akishaketi huulizwa habari, naye huzitoa zote, tangu alipofunga mlango wake mpaka alipofungua wako. Hakatizwi. Nyumba na iungue, wewe unasema "heri, heri". Akimaliza, mwenyeji naye hutoa zake. Na Shahdost ndiye bingwa. Safari moja nilisinzia katikati ya habari zake, nikaamka, basi lao lilikuwa bado halijatoka Panjgur. Mtu mmoja tu alithubutu kumkata, dada yake. "Kaka, ruka mpaka ulipofika! Halwa haina adabu ya kukusubiri."

Mimi si Ganjatun. Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikakimbia kutandika mkeka, nikamkalisha. "Karibu, shemeji. Tupe habari."

"Habari ni za heri," akaanza, akakunja miguu vizuri. Nilijua maana ya miguu ile. "Mvua hatukupata. Mfereji umekauka nusu. Mbuzi yule mweupe, unamkumbuka?"

"Heri, heri. Namkumbuka."

"Siye huyo. Mama yake."

Samli ikanukia kutoka jikoni. Mama wa mbuzi akaugua. Akapelekwa kwa mganga. Mganga hakuwepo, ameenda harusini, na harusi yenyewe ina habari yake. Harufu ikaanza kubadilika.

Nikasimama. Nina miaka sitini na minane, sijawahi kusimama katikati ya habari za mtu.

Shahdost akanitazama kama nimemvua kilemba. "Unakwenda wapi?"

"Inuka, shemeji. Habari utazimalizia jikoni."

"Mimi mgeni!"

"Mgeni mwenye mikono. Halwa ya dadako inaungua. Shika mwiko."

Akaushika. Mimi nikavuta kuni nje ya jiko moto upungue, nikatia lozi na matunda. Yeye akaendelea pale alipoachia, na kila mbuzi alipozidiwa, mkono wake ulilegea.

"Koroga!"

"Nakoroga! Basi mganga akarudi, mbuzi keshakufa..."

"Koroga, wewe!"

"Dada yangu aliishi vipi na wewe?"

"Kwa mwiko."

Nikamimina zafarani. Rangi ikapanda, harufu ikapanda. Kisha Shahdost akasema kama inavyotakiwa, "Hizo ndizo habari zangu. Tupe zako."

Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza habari zangu. Waliokuja kunipa pole walikuwa wameshasikia, wao ndio waliozungumza. Ulimi wangu haukuwahi kulitamka jambo lenyewe.

"Habari ni za heri," nikasema. "Mvua hapa hakuna. Mtende wa kisimani umezaa kidogo. Mbuzi wa Murwari amekula shuka langu. Ganjatun amefariki."

"Heri," akasema Shahdost. Ndivyo tunavyojibu habari zote.

"Mwiko umesimama," nikamwambia.

"Haujasimama," akasema, akijipangusa uso kwa mkono wenye samli.

Chini ilishika, unene wa kidole. Tukachota ya juu tu, hatukukwangua. Watu wa dua wakaja, wakala. Nilikuwa namwangalia Murwari. Alikula kipande. Akachukua cha pili. Cha tatu akakifunga kwenye mtandio wake akidhani sioni.

Mlangoni akageuka.

"Iliki haitoshi," akasema.

Miaka thelathini alimwambia Ganjatun maneno hayo hayo. Nikaingia ndani nikalala usingizi mzuri.