Kipande cha Kutafuta Majina

Majina ya watu wa siku ile ninayo yote kichwani, ila hapa siyaandiki.

Mjukuu wangu wa kike na mwenzake, kijana Mkenya, walikuwa wakiunda programu ya kompyuta ya zahanati moja ya mtaani kwetu, Kyebando, juu ya meza yangu ya kulia. Ndiyo kazi yao ya kwanza. Mwenye zahanati, daktari mwanamke, alikuwa anakuja saa nane kuiona. Isipompendeza, anawapa wengine. Na asubuhi hiyo ndipo kijana akagundua kwamba mwenzake ametupa kipande cha kutafuta majina ya wagonjwa, anaunda chake.

"Kipo tayari! Cha bure! Dunia nzima inakitumia. Unaunda tena kwa nini? Kiburi tu."

"Dunia nzima haijakaa pale mapokezi," mjukuu akamjibu bila kuinua macho. "Juzi tulipokijaribu, mama mmoja alitaja jina la mtoto kwa R, kadi imeandikwa kwa L. Kipande chako kikasema mtoto hajawahi kufika. Nusura achomwe dawa iliyomvimbisha uso mwaka jana."

"Si ukirekebishe!"

"Nimejaribu. Kutwa nzima nasoma mawazo ya mtu nisiyemjua. Afadhali niandike yangu."

"Shosho, mwambie huyu!" Ndivyo kijana anavyoniita, bibi kwa lugha ya kwao.

Nimwambie nini mimi, shule niliiacha mapema? Nikaendelea kuchagua mchele, na mawe yananipita.

Daktari akafika kabla ya saa. Hata kiti hakuvuta.

"Jajja," akaniambia, yaani bibi kwa lugha yetu, "wewe ni mgonjwa wangu, kadi yako imo humo. Taja jina lako."

Nikataja kwa ulimi wangu huu. Mjukuu akaandika alivyosikia. Kioo cha kompyuta kikaganda. Kijana akakiinamia. Mara nikatokea, mimi na wanawake wengine kibao wenye majina yanayofanana na langu.

"Sasa Jajja ni yupi hapa?" daktari akauliza.

Mjukuu akaishusha orodha hadi chini, akaipandisha tena.

"Tunachuja kwa tarehe ya kuzaliwa," kijana akarukia. "Hicho ni kipande cha tayari, hakuna aliyekigusa. Shosho, ulizaliwa lini?"

"Ijumaa, msimu wa kula panzi, senene."

"Tarehe, Shosho. Mwaka."

"Mama hakuniambia."

Mashine ikakataa kwenda mbele. Inataka siku, mwezi na mwaka. Daktari akaangua kicheko.

"Wazee wangu wote wako hivyo! Ila amepatikana, hata kama yuko na wenzake. Haya, kazi ni yenu. Lakini hicho cha tarehe nacho mkitoe, muunde kingine."

Alipotoka, kijana akanigeukia, mikono kichwani.

"Shosho, si ungedanganya tu?"